Bibi Nakiete na Wakaguzi wa Kuhema

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, nyie mmeshiba. Haya.

Zamani hizo, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na vijiji viwili na bwawa moja. Kila kiangazi wakimbiaji wao walishindana kukimbia mpaka juu ya mlima. Kijiji cha mshindi kinamwagilia kwanza. Cha aliyeshindwa kinaachiwa matope.

Kijiji chetu kilikuwa kimezoea matope. Mahindi yakakauka, watoto wakalala na uji mwepesi.

Mkimbiaji wetu aliitwa Mrutu. Alikimbia kila siku, tipu tipu tipu! Wazee walikaa njiani kumkagua. Akihema, anapewa nyama. Asipohema, mvivu huyo, nyama wanakula wao. Basi Mrutu akahema. Kila siku hoi, na kila mashindano akawa wa pili, kati ya wakimbiaji wawili.

Bibi Nakiete, mwokota kuni, akamwita.

"Mjukuu wangu, leo umechoka?"

"Nimechoka, bibi."

"Na jana?"

"Jana pia."

"Sasa nguvu ya kupandia mlima utaitoa wapi? Twende kuni. Mimi natembea, wewe unakimbia polepole kunizunguka, tunapiga soga. Ukishindwa kuongea, umezidisha."

"Wazee wataninyima nyama."

"Utakula maharage yangu."

Basi siku nyingi zikawa za soga. Tipu... tipu... tipu. Wazee wakacheka mpaka wakakohoa. Mara mojamoja tu, Bibi alimpeleka kwenye mlima mkali. "Panda mpaka maneno yakuishie." Puu, puu, puu! Mrutu akafika juu hana hata salamu. Kesho yake, soga tena.

Kiangazi kikafika. Mrutu akamaliza, mwenzake bado yuko bondeni. Maji yakaingia kwetu, shwaa! Akina mama walilia kwa furaha. Wazee wakasema ni matunda ya ukaguzi wao.

Miaka ikapita, Bibi akafariki. Kijiji kizima kikaapa kufuata mafunzo yake. Wakimbiaji, wazee, hata wasiokimbia, kila jioni wanatembea polepole wakipiga soga, kwa heshima ya marehemu. Mrutu akawakumbusha kuwa kulikuwa na mlima pia. Wakamwambia amezeeka, Bibi hakupenda watu wachoke.

Kiangazi kilichofuata tulipata matope.

Basi wanangu, siku ya kupumzika pumzika kweli, na siku ya kuumia uumie kweli. Wa kwetu walimpenda sana Bibi, ila walibeba nusu yake tamu tu.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye kiu akachote, kama atayakuta maji.