Udongo wa Mtu Mmoja

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Nina kesi ya watu wanne iliyonishinda miaka mingi, na leo nawatwika nyinyi.

Kwenye kijiji kimoja cha milima ya Upare aliishi Namsifu. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia kichwa na shingo. Mikono na miguu iligoma. Kuchora hakufundishwa na mtu. Alianza mwenyewe, kwa upweke tu: aling'ata kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, akachovya kwenye udongo uliolowekwa, akapaka ukutani. Kwa kuwa alilala ubavu mkekani, picha zake zilikaa chini kabisa. Wageni waliingia, wakasimama, wakasema, "Mbona hatuoni kitu?"

"Kaeni chini," aliwajibu. "Mimi nipo huku."

Shangazi yake, Nakijwa, alikuwa na kipaji cha kutochoka. Kila asubuhi alimwogesha, akamlisha uji, akamlaza mbele ya ukuta, kisha akaenda kwenye shamba la tangawizi. Mchana alirudi mbio kumgeuza ubavu, akaondoka tena.

Jirani yao Kiondo alikuwa na kipaji cha miguu. Alitembea nusu siku hadi korongoni kumletea udongo mwekundu. "Huu haupauki, dada," alisema, akiutua kama mtu aliyebeba mtoto.

Rafiki yao Niwaeli naye alijaliwa macho na mdomo, na mdomo ndio uliozidi. Namsifu hakuwahi kuvuka kizingiti, hivyo kila Jumapili Niwaeli alimsimulia njia iendayo mtoni: jiwe kubwa, daraja la magogo, kona ya migomba.

"Juzi daraja lilikuwa kabla ya jiwe," Namsifu alimkatiza.

"Haya, umenishika."

Basi ikatoka picha ya ile njia. Jamani! Watu walikaa chini bila kuambiwa, na waliokuwa na maneno mengi wakayasahau. Njia ilikuwa tupu bado, kwani Namsifu alipanga kuwachora wapitaji mwishoni, tena kwa udongo mwekundu tu. Mtu wa chokaa, alisema, anafanana na mzimu. Wa masizi ni kivuli.

Mvua zikaja, mlima ukaporomoka, korongo likafukiwa lote. Udongo mwekundu ukabaki chini ya kikombe kimoja cha bati. Ulitosha kumchora mtu mmoja tu.

"Nichore mimi," alisema Kiondo. "Bila miguu yangu ungechorea mate."

"Na bila mimi ungechora nini?" aliuliza Niwaeli. "Njia ipi unayoijua?"

Shangazi alikuwa akichambua maharage. Akasema polepole, "Mimi sidai kitu, mwanangu. Ila nauliza tu, nani anayekulaza hapo?"

Kama huko si kudai, basi mimi sijui kudai ni nini.

Wakaachana wamenuniana. Jumapili Niwaeli hakuja. Kiondo akaanza kupita nyuma ya nyumba. Shangazi aliendelea kuogesha na kulisha, lakini bila neno, na uji usio na neno ni mzito kuumeza. Namsifu alibaki na ukuta wake, mpweke kuliko zamani alipokuwa hajajua kuchora.

Kuna jambo ambalo wote watatu hawakumwuliza. Njia ile aliichora kwa kuwa alitaka kujiona mwenyewe akiitembea, mara moja tu, mpaka mtoni.

Asubuhi moja alichovya kijiti, akakifikisha kwenye kona ya migomba. Hapo akasita. Akimchora mmoja, wawili wengine huenda wasirudi tena. Akijichora yeye, atafika mtoni, lakini akigeuka nyuma labda hatakuta wa kumsimulia. Akimwacha kila mtu, njia itabaki tupu, na wale watatu watasema mkono mtupu haulambwi. Tone lilikuwa limeanza kukauka kwenye ncha.

Hapo ndipo nilipomwacha, na hapo ndipo nami nimekwama. Msinijibu upesi. Kaeni chini kwanza, chini kabisa, usawa wa mkeka. Kijiti kile kingekuwa kati ya meno yako, ungemchora nani?