Sauti ya Riziki na Watunzaji Watatu

Hapo zamani, si ile ya majitu bali hii yetu ya umeme wa kukatika, alikuwako Korogwe mwanamke aitwaye Riziki, fundi wa kompyuta. Alipojua maradhi hayatamwacha, alirekodi sauti yake akizungumza na binti yake mchanga, Mwanahiba: maneno ya kila umri, hadi siku ya kuolewa. Akayaweka kwenye seva, kompyuta ya kuhifadhia, aliyoiunda mwenyewe pale sebuleni, yenye diski mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Akausia, "Atakayeitunza sauti yangu ndiye amlee mwanangu." Akafa.

Wakaitunza watatu. Bibi Mashaka, mama wa marehemu, aliogopa vumbi. Akafuma kitambaa, akaifunika seva gubigubi kama tunavyofunika redio zetu, na kila Ijumaa akakifua.

Semboja, mume wa marehemu, aliogopa kuichosha. Akisha kusikiliza, anaizima. Akimkumbuka mkewe, anaiwasha. Na alimkumbuka mara kumi kwa siku, maskini.

Tunu, dada wa marehemu, yeye alikuwa na sikio. Siku moja akasikia diski moja ikigonga kwa ndani, taa yake ikawa nyekundu. Ilikuwa wiki ya hitima ya mwaka, na mama yake ndiyo kwanza ameacha kulia. Tunu akajisemea, "Ya pili nzima. Nitasema hitima ikiisha."

Asubuhi ya hitima, ya pili nayo ikanyamaza.

Fundi akaitwa, akafungua, akatikisa kichwa. "Joto la kitambaa limezichosha. Kuzima na kuwasha kumezimaliza. Na hii iliyotangulia ingebadilishwa mapema, mpya ingenakili kila kitu." Hakikupatikana hata kikohozi cha Riziki. Inauma, jamani.

Bibi Mashaka akasema, "Niliifunika kwa mapenzi. Sikujua chuma nacho hutaka hewa."

Semboja akasema, "Mama, hata mimi sikujua. Na mimi ndiye baba yake. Nani aliisikiliza kunishinda?"

Tunu akasema, "Mimi nilijua. Lakini nyote mlikuwa mkiiua, mimi pekee nikasikia inaumwa. Nilinyamaza kwa ajili yako, mama."

Mwanahiba, miaka miwili na nusu, alikuwa akibonyeza kitufe cha seva. Akabonyeza tena. Akawageukia wote watatu akinyoosha mikono abebwe.

Msinitazame mimi, kazi yangu kusimulia. Wosia ni wosia, na mtoto kanyoosha mikono. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kumbeba?