Mkilua Uliofundishwa Kuinama

Hapo kale sana, wiki moja kabla ya masika, mkilua ulikuwa mmoja tu katika nchi ya wanyama. Ulikuwa uani kwa Kiboko, mkuu wa nchi.

Basi, wanangu, Kindi alikuwa na binti wa kuozwa mwakani, jina lake Mwanaheri. Wakwe walishatoa neno: bibi harusi asiye na maua ya kilua kichwani hawampokei. Kindi akaenda kuomba kijitawi cha kupanda. Kiboko akamjibu kwamba kilua ni harufu ya wakubwa. Wadogo nao wakinukia, mkubwa atajulikanaje?

Kindi hakubishana. Alirudi kesho yake, akasimama mbele ya mkilua akitikisa kichwa.

"Bwana Mkubwa, hivi mti huu unakuheshimu kweli?"

"Kwani umefanya nini?"

"Ukipita, Nyati anainama. Tembo anainama. Huu umesimama tu."

Kiboko akautazama mti. Miaka yote hakuwa ameliona hilo. Akauliza dawa yake.

Dawa, alieleza Kindi, ni kuyalaza matawi ya chini mpaka yaguse ardhi, kuyafukia katikati kwa udongo na kuyakandamiza kwa mawe, ncha zibaki nje. Na udongo usikauke, maana tawi kavu huvunjika kabla halijashika adabu. Akaingia chini ya mti. Kwaru, kwaru, akakwaruza gome la kila tawi kwa upande wa chini, akalifukia.

Mvua ilipokatika siku mbili, Kiboko alimwagilia mwenyewe. Nyati, mshauri wake, alikuja kutazama, akasema hajapata kuona mti wenye malezi kama huo. Tembo akapendekeza minazi yote nayo ifundishwe.

Masika yalipokwisha, Kindi akaja mbio.

"Shikamoo, Bwana. Uniwie radhi kwa nitakalosema. Matawi yameinua vichwa."

Ilikuwa kweli. Ncha zilikuwa zimegeukia juu, zimetoa majani mapya.

"Mbele yangu?"

"Mbele yako, na wageni wanaona."

Kiboko akayang'ata moja baada ya jingine, kacha, kacha, akayatenga na shina. Akaamuru yatupwe nje ya ua.

"Na udongo wake?" Kindi akauliza kwa upole.

"Na udongo wake! Sitaki kuona hata alama."

Kindi na majirani wakayabeba pamoja na madonge ya udongo, mizizi ikiwa ndani. Kila nyumba ikapanda tawi moja.

Mwaka uliofuata Mwanaheri aliolewa, kilua kichwani. Kiboko alialikwa. Njiani alikuta kila mlango unanukia, akamuuliza Nyati miti hiyo ilitoka wapi. Nyati akainama.

Apendaye kuinamiwa haoni mizizi inapoota.