Mplamu wa Bi Hafswa na Chupa ya Saba

Hapo zamani, nayo ni zamani ambayo tarehe zake bado zinajulikana, yaani Jumatatu ya tarehe 14 Januari mwaka 1974, Bi Hafswa wa kijiji cha Kwezindo, katika milima ya Usambara, alipokea barua. Ilitoka kwa mwanawe wa pekee, Kaniki, aliyelazwa hospitali ya mbali kwa maradhi ya kifua. Kaniki aliandika: "Mama, wataniruhusu mwezi Juni. Chakula hakipiti. Nikifumba macho naona plamu za baba tu."

Bi Hafswa akatazama uani. Mplamu alioupanda marehemu mumewe mwaka 1951 ulikuwa umeinama kwa matunda. Lakini plamu huiva Januari na huoza Januari. Ikifika Juni, mti huwa fito tupu.

Akawaita jirani zake wawili, Zaina na Mwantumu, pamoja na shemeji yake Shebila, mdogo wa marehemu. Akasema mbele yao: "Yeyote atakayemwezesha mwanangu kuonja plamu za babaye siku atakaporudi, mti huu ni wake, yeye na watoto wake."

Zaina akasema: "Dada Hafswa, nimepika jikoni kwa watawa tangu 1958 hadi 1969. Jamu ya plamu naijua. Ila sukari."

Sukari wakati ule ilikuwa ya mgawo, na zamu ya kijiji ilikuwa imekwisha pita. Mwantumu akaondoka bila kuaga. Alirudi na kilo tatu ndani ya kanga, alizozikusanya kidogo kidogo tangu Agosti kwa ajili ya harusi ya bintiye, tarehe 16 Februari.

"Chukueni. Wageni watakunywa chai isiyo na sukari, hawatakufa."

"Na wakwe?" akauliza Bi Hafswa.

"Wakwe watasema. Wasiposema, hao si wakwe."

Siku ya Jumatano Shebila alipanda mti akachuma. Zaina akatoa kokwa, akakoroga sufuria tangu asubuhi hadi alasiri, jamu ikamrukia na kumbabua mkono hadi kwenye kiwiko. Zikapatikana chupa saba. Zitunzwe wapi? Kule kwa watawa, chupa zikisha kujazwa, Sista alizipeleka stoo mwenyewe, na ufunguo wa stoo Zaina hakupata kuushika. Basi akafanya kama ifanywavyo katika kila nyumba ya kwetu. Mbegu za mahindi huwekwa darini juu ya meko, na moshi huzitunza hadi masika. Akazipanga chupa zote saba darini.

Baada ya siku tatu Bi Hafswa alihesabu, akakuta sita. Hakumwita mtu mwizi. Alisema tu, kisimani, mbele ya wanawake: "Mpishi naye ana mdomo." Zaina akasikia. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena uani kwa Bi Hafswa.

Februari ikaja, binti wa Mwantumu akaolewa kwa chai chungu. Shangazi za bwana harusi walilisema jambo hilo hadi mwezi Aprili.

Jumamosi ya tarehe 22 Juni Kaniki akarudi. Koti lilimning'inia kana kwamba limetundikwa msumarini. Akaletewa ugali, akausogeza. Akaletewa uji, akausogeza. Akaletewa mchuzi wa kuku, akausogeza. Siku ya tatu mama yake akateremsha chupa ya kwanza kutoka darini. Ilikuwa na povu na harufu ya pombe. Ya pili hivyo hivyo. Zote sita hivyo hivyo. Joto la meko linalotunza mahindi lilikuwa limechachusha jamu. Bi Hafswa akaketi sakafuni na kifuniko mkononi.

Shebila, aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, alitoka nje. Aliporudi alikuwa ameshika chupa iliyolowa maji.

"Shemeji, hii niliichukua mimi. Niliificha chini ya jiwe kwenye chemchemi, nije niile peke yangu. Kila nilipotaka kuifungua nilimwona kaka."

"Ulimwona kaka, au ulimwona mkeo akija kuteka maji?" akauliza Mwantumu, aliyekuwa mlangoni.

"Wote wawili."

Chupa ikafunguliwa. Ilikuwa nzima, nyekundu kama siku ilipopikwa. Kaniki akala kijiko kimoja, kisha cha pili, kisha akasema: "Mama, ule ugali bado upo?"

Bi Hafswa akaenda mwenyewe kumwita Zaina, na njiani akamwomba radhi. Walipokutana wote uani, chini ya fito za mplamu, Zaina akanena: "Radhi nimeitoa. Lakini jamu hiyo ni mkono wangu, na mkono wenyewe huu, una kovu. Tena jina la wizi nimelibeba mimi miezi mitano, wala si Shebila."

Mwantumu akanena: "Ungepika nini pasipo sukari? Na sita ziliozea wapi, kama si pale ulipoziweka? Kovu lako limepona, mwenzangu. Harusi ya binti yangu haitarudiwa."

Shebila akanena, akitazama chini: "Mimi ni mwizi, sibishi. Lakini shemeji, hukusema mti ni wa mtu mwema. Ulisema ni wa atakayemwezesha Kaniki kuonja. Kama nisingeiba, leo angeonja nini?"

Kaniki akashauri wagawane matunda. Mama yake akatikisa kichwa: "Nilisema yeyote, mwanangu. Sikusema wote."

Haya, nyinyi mnaosikiliza, Bi Hafswa amesimama uani na watu watatu wanamtazama. Mti ni mmoja na ahadi ni moja. Je, kati ya aliyetoa sukari, aliyepika, na aliyeiba, ni nani aliyestahili mplamu ule?