Kiko cha Babu na Ufunguo Mmoja

Hapo zamani, kabla sigara hazijaijua njia ya Siyu, alikuwako Bwana Shekuwe, mkusanyaji wa vyombo vya kale vya tumbaku vilivyochongwa kwa mkono: viko, koleo za makaa, tabakelo, vikopo vya ugoro vya pembe ya ng'ombe. Kuvuta hakuvuta, moshi ulimkohoza. Alipenda kazi ya mikono, basi.

Hakujaliwa mtoto, na jambo moja lilimnyima raha: nani atakitunza chumba chake cha viko baada yake? Akawaita watu wake.

"Kiko cha maji cha babu kimebaki kifuu kitupu cha nazi. Atakayekifanya kilie tena, ufunguo wa chumba ni wake."

Zena, mpwa wake, akaiona bori ya kiko hicho, kikombe cha kutilia tumbaku, uani kwa jirani, kuku wakiinywea maji. Jirani akagoma kuitoa. Zena akampa bakuli lake la kaure, akiba ya harusi. Kuku wakanywa kifalme, naye akarudi na bori.

Bwanaheri seremala akachonga digali, mrija wa kushusha moshi majini. Ya kwanza ikavuja, akaivunja. Ya pili ikavuja, akaivunja. Ya tatu ikakaa kama imeota hapo.

Bi Mwanahawa, mkewe Shekuwe, akatia maji kifuuni. Halikuvuja hata tone, maana tangu alipoolewa alikuwa akikipaka mafuta ya nazi kisipasuke. Kaa likawekwa, Bwanaheri akavuta, kiko kikalia: koro, koro, koro! Shekuwe akacheka, akakohoa, akacheka tena.

"Ufunguo, mjomba," akasema Zena. "Bila bori, moto mngeuweka wapi? Kichwani?"

"Wewe uliwapokonya kuku tu," akasema Bwanaheri. "Mimi nimekipa pumzi."

"Digali yako mbichi, fundi! Hiki ni chumba cha vitu vya kale."

"Kwani cha kale kilizaliwa kizee?"

Bi Mwanahawa akashika kiuno. "Ninyi mnavipenda, anayetunza akipendacho ana sifa gani? Mimi moshi nauchukia, na kifuu nimekilea."

"Ukipewa ufunguo, bibi, si utavitupa vyote jaani?"

"Miaka yote hii, Bwanaheri, jaa lilikuwa pale pale."

Shekuwe akageuza ufunguo kiganjani. Kila aliyesema alimwona ana haki, mpaka aliposema mwingine. Mwishowe akatoka barazani kuwauliza wapita njia, na wapita njia ndio sisi.

Je, enyi mnaosikiliza, ampe nani: aliyetoa chake, aliyeunda kisichokuwapo, au aliyelea asichokipenda?