Hakam Singh na Tope la Amritsar

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mola ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika nchi ya Punjabi palikuwa na mkulima mmoja wa dini ya Masingasinga akiitwa Hakam Singh. Alikuwa mtu wa ibada na sadaka. Dua ya alfajiri haikumpita, wala mgeni hakuondoka mlangoni pake na njaa. Ila alikuwa na jambo moja. Kijijini Beriwala kisima chake ndicho pekee kilichokuwa na maji matamu, naye hakumruhusu mtengeneza ngozi yeyote kukikaribia. Dini yake imekataza wazi watu kubaguana kwa nasaba na kazi, na yeye alilijua hilo. Lakini baba yake alifanya hivyo, na babu yake pia, naye hakupata kujiuliza.

Mama yake, Mai Nand Kaur, alikuwa ajuza aliyepofuka. Umri wake wote alitamani kuzuru Amritsar, mji wenye hekalu tukufu lililozungukwa na bwawa la maji matakatifu. Miguu ilipomkatalia, alimwita mwanawe.

"Nenda wewe, mwanangu. Ukirudi utanisimulia yote, usiruke hata hatua moja."

Hakam Singh akaahidi, akaondoka kwa miguu pamoja na msafara wa mazuwari.

Walipofika walikuta bwawa limekaushwa. Tope la miaka mingi lilikuwa limejaa chini, na waumini walikuwa wakilizoa kwa mikono yao, kwani kwao kupatumikia mahali patakatifu ni ibada kubwa. Hakam Singh alisikitika kidogo, maana yeye alikuja kuoga. Hata hivyo alikunja nguo, akashuka, akaingia kwenye mstari. Makarai ya tope yalipita mkono kwa mkono hadi ukingoni, huku watu wote wakilitaja jina la Mola kwa sauti moja. Aliyekuwa akimpa makarai ni mtu mwembamba aliyetapakaa tope kuanzia kilembani hadi nyayoni. Hakam Singh alipoteleza, mtu yule alimdaka. Jua lilipokuwa kali, alimpa maji kwa kikombe chake mwenyewe. Hakam Singh akanywa, akamshukuru, akamwita ndugu.

Walipokwenda kunawa ndipo alipomtambua. Alikuwa Rulda Singh, mtengeneza ngozi wa Beriwala.

"Ulinijua?" Hakam Singh aliuliza.

"Nilikujua, bwana wangu Sardarji, tangu uliposhuka."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeyanywa yale maji?"

Hakam Singh akainama, akamaliza kunawa. Wakaenda kwenye langar, chakula cha hisani ambacho tajiri na maskini hukila wakiwa wameketi chini safu moja. Wakapewa chapati na dengu. Rulda alikula kidogo, kisha akasema kwa upole:

"Mke wangu, Atri, huteka maji katika dimbwi wanamooga nyati. Huyachuja kwa ushungi wake. Mwanetu mdogo alishikwa na tumbo la kuhara, akatutoka. Sikwambii ili nikulaumu, Sardarji. Ila tumeketi pamoja mbele ya Mola, nikaona nikinyamaza nitakuwa nimekudanganya."

Hakam Singh akairudisha chapati yake sahanini. Alirudi nyumbani na msafara wake bila kumwambia mtu.

Alasiri ya kufika kwake nyumba ilijaa watu waliokuja kupata baraka za ziara. Miongoni mwao alikuwa Wasawa Singh, bwana mwenye heshima wa kijiji cha pili, ambaye mwanawe alikuwa amemposa Basant Kaur, binti wa Hakam Singh. Wasawa alisifika kwa kulinda nasaba. Mai Nand Kaur aliketi karibu na mwanawe, akamwuliza habari za njia, za hekalu, kisha za bwawa.

"Na katika mstari, nani alikuwa akikupa karai?"

Hakam Singh alimtazama Wasawa. Angeweza kusema, "Mja tu wa Mola," na lisingekuwa neno la uongo. Ajuza akanyoosha mkono kumpapasa, ajue kama bado yupo.

"Ni Rulda Singh, mama, mtengeneza ngozi wa hapa kwetu. Nimekunywa kwa kikombe chake, tumekula safu moja. Na mtoto wao amekufa kwa maji machafu, kwa kuwa mimi nimewanyima kisima."

Wasawa aliweka chini bilauri yake ya maziwa. "Mambo ya ziara hubaki ziarani, Hakam. Sema kisima kitabaki kama kilivyokuwa, nasi tuendelee na arusi."

"Kama ni ya huko tu, basi nimeichosha miguu yangu bure," alijibu Hakam Singh. "Kuanzia leo kisima ni cha kila mwenye kiu."

Wasawa akasimama, akatoka, na posa ikavunjika palepale. Jamaa walimlaumu Hakam Singh kwa maneno makali. Lililomuuma zaidi ni la binti yake, akaenda kumwomba radhi. Basant Kaur alikuwa ametoka kulia.

"Baba, nimekuwa nikimwona Atri akipita na mtungi wake wa maji ya dimbwi," alisema. "Nilikuwa nageuza uso. Twende tukamwite."

Walikwenda. Atri aliwasikiliza akiwa mlangoni.

"Leo mnatuita, kesho mtatupiga," akasema, akafunga mlango.

Hakam Singh hakukasirika. Kila asubuhi alivuta maji kisimani, akayabeba mwenyewe hadi kwa Rulda, akayaweka mlangoni na kuondoka, watu wakimcheka njiani. Aliendelea hivyo msimu mzima wa joto. Hatimaye asubuhi moja Atri alitokea kisimani na mtungi wake. Basant Kaur akamsogezea kamba. Baadhi ya majirani waliapa kutoteka tena pale, wakavumilia maji ya chumvi kwa muda, kisha wakarudi mmojammoja.

Basant Kaur alikaa miaka bila kuposwa. Baadaye aliolewa na mfua chuma wa mbali, mtu asiye na mali wala jina kubwa, wakaishi kwa masikilizano.

Enyi ndugu, Masingasinga hufundishwa kwamba maji ya bwawa hayauoshi moyo usiotaka kuoshwa. Basi mtu aende ziara kwa ajili ya nini? Nyumbani kila mmoja ana mahali pake na mazoea yake, na mazoea hupofusha. Hakam Singh aliishi na Rulda kijiji kimoja tangu kuzaliwa, na ilimlazimu aende Amritsar ndipo amwone.