Kiti Kimoja cha Kwenda Nyambunda

Sogeeni, na mwenye usingizi akanawe uso kwanza, maana leo sisimulii bure. Nataka hukumu yenu.

Kando ya Mto Rufiji walikaa ndugu watatu, wote mafundi wa masufuria. Mbonde, mkubwa wao, alijaliwa macho: ufa mwembamba kama unywele haukumpita. Ungando, wa kati, alijaliwa moto: alijua kuchomelea aluminiamu, ambayo haiwi nyekundu kukuonya, hukaa vilevile, halafu ghafla ikayeyuka yote. Siwema, kitinda mimba, alijaliwa kiganja. Alipapasa bati huku amefumba macho, akajua palipovimba na palipobonyea. Kiganja hicho alikirithi kwa mama yao.

Mama alikuwa mbali, Nyambunda, upande wa juu wa mto. Mwaka wa tatu huo hawajaonana. Mafuriko yalikuwa yameila barabara, kisha maji yakapungua mno, boti za kawaida, zenye pangaboi la kusukuma maji chini yake, zikawa zinakwama mchangani. Ndipo ukafika ujumbe wa mama: "Macho yameniishia. Mwambieni mwanangu aje nimpapase uso."

Hakutaja jina. Siwema alipoyasikia maneno hayo, chakula kikamshinda. Alimtamani mama yake mpaka harufu ya mafuta ya nazi, aliyozoea kujipaka mama, ikawa inamliza.

Boti moja tu ingeweza kufika, ya Mzee Mkumba, ya aluminiamu. Haina pangaboi, hufyonza maji tumboni na kuyatema nyuma kwa nguvu, ikapita hata maji yakiwa ya magotini. Lakini ilikuwa imegonga jiwe ikatoboka tumbo, na mzee, kwa ubishi wake, akajibandikia kiraka mwenyewe kwa ribiti za kubania bati, zenye vichwa kama vifungo vya koti. Injini ikanguruma, boti isiende popote. Kila kichwa cha ribiti kilileta mapovu, injini ikawa inameza hewa badala ya maji.

"Iponyeni," akawaambia ndugu wale, "nami nitampeleka mmoja Nyambunda. Mmoja tu! Wa pili akipanda, tumbo litakwangua mawe. Na nikirudi, sitoki tena mpaka mvua."

Mbonde akabandua kiraka. Akapaka chaki nje ya tumbo na mafuta ya taa ndani, akasubiri. Chaki ikalowa mstari mrefu kuliko tundu lenyewe, hadi karibu na mdomo wa kufyonzea maji. Bila yeye, wangeziba tundu na kuuacha ufa.

Ungando akasugua sabuni ya kufulia juu ya bati, akapasha moto. Sabuni ilipogeuka nyeusi akajua bati limelainika, akanyoosha palipobonyea kwa nyundo ya mti, kisha akaziba tundu na kuchomelea ufa mwanzo hadi mwisho. Bila yeye, ufa ungebaki kuangaliwa tu.

Siwema akashika tupa na msasa. Siku mbili alilala chali chini ya boti, akisugua na kupapasa, mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Alipofumba macho hakuona boti, alimwona mama. Mwisho akapitisha mkono toka mbele hadi nyuma, usikwame popote. Bila yeye, mapovu yangerudi palepale.

Boti ikajaribiwa, ikateleza juu ya maji kama iliyopakwa mafuta.

"Mimi ndiye mwanawe wa kwanza," akasema Mbonde. "Akisema mwanangu, ananiita mimi."

"Kaka, mimi niliondoka nimemnunia," akasema Ungando. "Sijamwomba radhi mpaka leo."

Wakamgeukia dada yao. "Na wewe, Siwema?"

"Mimi sina hoja, kaka zangu. Nina hamu naye tu."

Wakamwomba Mzee Mkumba aamue. "Mimi nina boti," akasema, "sina mahakama. Haya, mto unakauka!"

Injini inawaka. Siwema amesimama majini, kiganja chenye vidonda amekiegemeza ubavuni mwa boti. Kule Nyambunda mama ameketi mlangoni, mikono mitupu mapajani, anangoja uso wa kupapasa.

Nawaona mnaotaka kusema wapige kura. Kaeni chini; kura haijui hamu ya mtu. Kiti ni kimoja, na aliyeita hakutaja jina. Je, wewe ungempandisha nani, na wale wawili wanaobaki ufukweni ungewaambia nini?